Nilisalimia Tu

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya masika imeanza leo katikati ya mdahalo. Ilipiga mabati ya bwalo kwa nguvu hadi ikanibidi nipaze sauti, na nadhani hiyo ni sababu moja ya sisi kushinda, kwa maana anayepaza sauti huonekana ana hakika. Hoja ilikuwa kwamba miungano ya vijana ya vyama vya siasa inawawakilisha vijana kweli. Mimi niliongoza upande wa kuunga mkono. Nilisema kijana mmoja akilalamika ni kelele, lakini vijana wengi wakisema kupitia chombo chao ni hoja. Bwalo zima lilipiga makofi.

Annet alikuwa upande wa kupinga. Ni rafiki yangu tangu darasa la pili, na nyumba yao iko nyuma ya yetu hapa mtaani Kambi Muru. Tukirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja aliniambia, "Kave, umeshinda kwa Kiswahili kizuri. Ukweli hata haukuingia uwanjani."

"Huo ni uchungu wa kushindwa," nikamwambia.

"Ni uchungu wa kiatu. Angalia." Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimefunguka mdomo.

Mmoja wa waamuzi alikuwa dada anayeitwa Wagaki, mratibu wa Nguzo ya Vijana. Hilo ni tawi la vijana la chama kimoja, na ofisi yao iko Kawangware. Baada ya mdahalo alinishika mkono akasema wanatafuta wasichana wanaojua kuongea, niende Jumamosi. Mama amekubali, mradi nifue sare kwanza.

Mwalimu Musyoka, anayetufundisha Kiswahili, ametupa kazi ya kuandika shajara msimu huu wote wa mvua. Anasema hatazisoma. "Mkiniandikia mimi mtanidanganya."

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Insha yangu imerudi. Kila nilipoandika "vijana wanataka", Mwalimu Musyoka amepiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: nani?

Jumamosi, 7 Machi

Nilitembea hadi Kawangware huku nimebeba viatu vya shule kwenye mfuko, nikavivaa nilipofika. Ofisi ya Nguzo iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye jumba la mwenyekiti mwenyewe, Bwana Irungu. Nilipomwona nilidhani ni baba wa mmoja wa vijana waliokuwepo. Ndevu zake zimeanza mvi na ana watoto chuo kikuu. Nafikiri amezoea kutazamwa hivyo, maana kabla sijasema neno alicheka akaniambia, "Ujana ni roho, msichana wangu." Kila mtu anamwita Chair.

Sitaki kumwonea. Alinimiminia chai mwenyewe, akauliza jina la kwetu, akauliza napenda somo gani. Ni wazee wachache waliowahi kuniuliza hivyo.

Mezani tulikuwa wengi, na kila aliyesema alianza na "vijana wanasema". Mwishowe Chair alinigeukia. "Na vijana wa Kambi Muru wanataka nini?"

Nilijibu bila kusita: "Mahali pa kusomea, na kompyuta."

Alipiga meza kwa kiganja. "Mmesikia? Hiyo ndiyo sauti ya mashinani!" Wote wakanitazama. Uso wangu ulipata moto wa furaha.

Jioni nilimsimulia kaka yangu, Khamala. Yeye na rafiki yake Okoth na vijana wengine wa base yao, yaani kijiwe chao, ndio wanaoendesha choo na bafu la Kambi Muru. Shirika fulani lilijenga, likaondoka, jengo likaanza kuoza. Vijana wa base wakalichukua, wakazibua mifereji, wakapandisha tangi la maji juu. Ukutani Okoth ameandika kwa rangi ya buluu: NYUMBA YA HESHIMA. Watu wa njia yetu yote wanaenda hapo kwa shilingi chache, na hiyo ndiyo kazi ya Khamala. Ndiyo inayosaidia kulipa nyumba yetu, pamoja na nguo ambazo Mama anawafulia watu wa mtaa wa Ayany.

"Huyo Chair ni kijana wa mwaka gani?" Khamala aliuliza.

"Anasema ujana ni roho."

"Hiyo roho yake iko na ploti ngapi za kupangisha?"

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Kitanda changu kimehamishwa mara mbili kukwepa matone.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua iliacha kidogo jioni. Nilienda kuoga. Khamala na Okoth wana sheria yao: giza likianza kuingia, wanawake na watoto wanapita mbele ya foleni, na taa ya nje lazima iwake hadi wa mwisho atoke. Taa hiyo inafika karibu hadi mlangoni kwetu. Mzee mmoja alilalamika kwamba amesimama sana. Okoth akamwambia, "Buda, wewe ukiogopa giza pia utapita mbele. Sema tu unaogopa." Mzee alibaki kwenye foleni.

Jumamosi, 14 Machi

Kwenye ukuta wa ofisi Kawangware sasa kuna mchoro mkubwa wa rangi: Kituo cha Uwezeshaji wa Vijana, Kambi Muru. Una ghorofa moja. Chini kuna chumba cha kusomea na kompyuta, zimechorwa kwa mstari kama madawati. Nilisimama nikiutazama muda mrefu. Wiki iliyopita lilikuwa neno mdomoni mwangu, na leo lina madirisha.

Wagaki aliniambia Jumamosi ijayo kutakuwa na mkutano kwetu, kwenye uwanja ulio wazi karibu na njia ya kwenda mtaa jirani wa Kisumu Ndogo, nami nitapanda jukwaani.

"Nitaandika hotuba leo," nikasema.

"Hapana. Utasalimia tu. Hotuba ni ya Chair."

Sikukasirika. Kusalimia ni mwanzo.

Sikuuliza kituo kitajengwa wapi. Naandika hili kwa sababu limenijia sasa nikiwa kitandani, na mvua imeanza tena.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Hesabu mbaya. Annet amenunua gundi ya kiatu.

Jumamosi, 21 Machi

Nimesimama jukwaani leo.

Walikuja na lori lenye spika kubwa. Waligawa fulana za kijani zilizoandikwa NGUZO, na watu walizivaa juu ya nguo zao kwa sababu ya baridi, hata kina mama wauza omena kutoka Kisumu Ndogo, hata watoto ambao zilifika magotini. Kulikuwa na manyunyu. Niliona miavuli, na fulana za kijani, na nyuso nyingi ninazozijua tangu nizaliwe.

Chair alisema, "Sasa binti yenu, wa hapa hapa, atawasalimia."

Nilishika maiki. Nilikuwa nimejiandalia sentensi mbili nzuri, lakini Wagaki alininong'oneza, "Salamu ya Nguzo, mara tatu, basi." Nikaita:

"Vijana!"

"Nguzo!"

Sijawahi kusikia kitu kama hicho. Sauti ya watu wote hao ilinirudia kifuani. Niliita mara ya pili, wakaitika kwa nguvu zaidi. Mara ya tatu kuna mtu kule nyuma alipiga mluzi na nduru kupita wote, watu wakacheka na kugeuka kumwangalia. Kisha Chair alichukua maiki akasema, "Mmejisikia wenyewe. Vijana wa Kambi Muru wamesema." Akaendelea kuhusu kituo, lakini mvua ilizidi na wengi wakaanza kukimbilia vibanda. Sidhani hata nusu yao walimsikia. Mimi mwenyewe sikusikia vizuri, masikio yangu yalikuwa bado yamejaa ile sauti.

Mama alinikumbatia mlangoni. Amesema nilionekana mrefu.

Jumatatu, 23 Machi

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Nilipotoka shuleni niliona watu wamesimama mbele ya choo. Kwenye ukuta, juu ya maandishi ya Okoth, kulikuwa na alama kubwa ya X ya rangi nyekundu, ile inayowekwa kwenye jengo litakalovunjwa. Okoth alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilimwambia, "Niaje, Okoth?" Hakunijibu, na Okoth humjibu kila mtu.

Khamala alikuja nyumbani mapema. Hakuvua hata gambuti. Alinipa simu yake. Ulikuwa ukurasa wa Nguzo. Palikuwa na picha yangu, mdomo wazi, maiki mkononi, na chini yake: Vijana wa Kambi Muru, wakiongozwa na mwanafunzi Kavetsa, wameidhinisha kwa kauli moja ujenzi wa kituo chao mahali pa choo cha zamani.

Nilisoma nikasoma tena. "Choo cha zamani ni kipi?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Hapa kuna kingine?"

"Khamala, mimi nilisalimia tu."

"Najua."

"Sikusema kitu kuhusu choo. Hakuna mtu aliyesema!"

"Ulisalimia, watu wakajibu. Hiyo ndiyo wanaita kauli moja." Alikaa kwenye stuli akaanza kuvuta gambuti, ikakataa kutoka. "Unajua nini mbaya, Kave? Hata mimi nilijibu. Nilikuwa kule nyuma na kina Okoth. Nikaona siste yangu ameshika maiki. Ile nduru ilikuwa yangu."

 Mama alipiga magoti akaivuta ile gambuti mpaka ikatoka.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Khamala ameondoka kabla sijaamka.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua. Mtihani wa Kiswahili. Swali la insha lilikuwa kuhusu nafasi ya vijana katika jamii. Niliandika kuhusu Okoth na ile taa, na sikutumia neno "vijana" hata mara moja. Sijui kama nimejibu swali.

Jumamosi, 28 Machi

Nilienda Kawangware, na safari hii sikujali matope kwenye viatu. Chair hakuwepo. Wagaki alikuwa peke yake, anapanga fulana zilizobaki.

Nilikuwa nimepanga kuwa na adabu. Nilisema, "Dada Wagaki, mliandika uongo."

Aliendelea kukunja. "Uongo gani? Uliita, hawakuitika?"

"Waliitikia salamu."

"Kavetsa, hivyo ndivyo inafanywa kila mahali. Unaita umma, umma unajibu, unaandika umma umekubali. Hata kanisani wanafanya harambee hivyo. Ukianza kuuliza mmoja mmoja hutajenga hata kibanda cha kuku."

"Ulijua ni mahali pa choo?"

Hapo aliacha kukunja. Aliniambia hapo ndipo penye maji na bomba la maji taka, na ardhi ni ya umma, hivyo hakukuwa na pengine. Kisha akavuta kiti akakaa. Alisema alijiunga na Nguzo alipokuwa mwaka wa pili chuoni. Aliamini kwamba ndani ya chama angeweza kusema mambo ambayo nje yanapotea. "Nilikuja na mipango, manze. Nilikuja na mipango mingi." Alitazama ule mchoro ukutani. "Miaka yote hii, unajua nimefanya nini jukwaani?"

Nilijua, lakini nilimwacha aseme.

"Nimesalimia."

Nilitaka kumchukia na nikashindwa. Aliniambia kabla ya ujenzi, sheria inataka kikao cha umma, na afisa wa kaunti atakuja. Kitakuwa tarehe ishirini na tano Aprili, katika ukumbi wa kanisa upande wa Ayany. "Chair atataka usalimie tena. Watu walikupenda."

Jumanne, 31 Machi

Mwalimu Musyoka alinikuta nimebaki darasani. Nilimweleza yote. Sikutaka anipe jibu, na hakunipa. Aliuliza tu, "Ulipowaambia kule Kawangware kwamba vijana wanataka kompyuta, ulikuwa umemuuliza nani?"

Nilisema hakuna.

"Basi wewe na mwenyekiti wenu mmesoma shule moja," akasema, akazima taa tukatoka.

Nimeumia. Njia nzima nilikuwa nikijibizana naye kichwani, na kila nilipofika mwisho wa jibu nilikuta amesema kweli.

Ijumaa, 3 Aprili

Shule imefungwa. Mvua. Kuanzia kesho nitauliza. Nitaenda nyumba kwa nyumba, na swali litakuwa moja: ungependa nini pale penye choo, na kwa nini?

Jumatatu, 6 Aprili

Kuuliza ni kazi ngumu kuliko kuhutubia. Nyumba ya kwanza mvulana aliuliza kama natoa fulana. Ya pili walidhani nauza sabuni. Ya tatu walikuwa wanakula wakanilazimisha nile.

Jentrix, anayeuza omena kwenye kona ya Kisumu Ndogo na ni mkubwa wangu kwa miaka michache tu, alinitazama juu hadi chini. "Wewe si ndiye ulikuwa kwa lori?"

"Ndimi."

"Na sasa ndio unakuja kuuliza?"

"Ndiyo."

"Umekuja kama umechelewa, lakini keti." Akasogeza sufuria. Alisema hataki kituo, na pia hajaridhika na kina Khamala. Yeye huamka usiku kwenda sokoni, na saa hizo choo kimefungwa. "Waambie wasee wa base: heshima ianze mapema. Mimi pia ni kijana."

Nilimwambia Khamala hivyo jioni. Ilikuwa mara ya kwanza tunaongea vizuri tangu siku ya X. Alisikiliza, akakuna kichwa. "Jentrix alisema hivyo? Mbona hajawahi kutuambia?"

"Mliwahi kumuuliza?"

Alinitazama vibaya, halafu akacheka kidogo kwa pua. Kisha akasema, "Na mimi? Umezunguka mtaa wote, mimi ndio wa mwisho?"

Nikamuuliza. Alifikiri. Alisema anataka siku moja awe na kazi nyingine, ya umeme labda, lakini anataka aiache hii mwenyewe, isitolewe mkononi mwake na mtu ambaye hajawahi kushika ufagio wake.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua. Nimeuliza wengi sasa. Derrick wa kinyozi anataka kituo lakini kiwe pengine. Msichana mmoja mwenye mtoto mchanga alisema choo kisiguswe. Ndugu yake, kwenye nyumba hiyo hiyo, alisema kivunjwe hata leo, amechoka na foleni. Wengine walisema hawajui, wakafikiri, wakaniita nirudi. Nilikuwa nimetarajia kupata kauli moja ya kweli badala ya ile ya uongo. Hakuna kauli moja.

Jumapili, 12 Aprili

Nilikuwa nimemwacha Annet bila kumuuliza kwa sababu nilidhani namjua.

Tulikuwa tunatoka kanisani. Nilimuuliza kama mzaha na yeye akajibu bila mzaha. "Mimi nataka hicho kituo, Kave."

"Wewe? Wewe ulipinga kwenye mdahalo!"

"Nilipangiwa upande. Hata wewe ulipangiwa." Aliruka dimbwi. "Kwetu tuko watu saba kwa chumba. Nasomea kitandani na mtoto ananikalia mguu. Hujawahi kuona? Nataka meza. Nataka kompyuta nijifunze kuandika bila kutafuta herufi kama nachagua mchele."

"Na Khamala?"

"Nampenda Khamala. Lakini hujaniuliza kuhusu Khamala. Umeniuliza nataka nini."

Tulitembea hadi nyumbani. Sijui kwa nini nilitaka kulia, labda kwa sababu alikuwa mkweli, na ukweli wake haukuwa wangu.

Jumapili, 19 Aprili

Jana usiku ilinyesha kuliko siku zote. Mto ulipanda hadi nyumba za chini, na asubuhi vyoo vyote vya mashimo vilikuwa vimefurika, maji machafu yanatembea njiani. Choo cha base peke yake kilisimama kwa sababu sakafu yake imeinuliwa. Watu walipanga foleni ndani ya maji hadi kwenye vifundo vya miguu. Khamala na Okoth walikuwa wametandaza mbao juu ya matofali ili kina mama wakubwa wasikanyage. Nilimwona mama yake Annet akivushwa na Okoth amemshika mkono kama bibi harusi, na Okoth anamwambia, "Polepole, Mama Annet, usije ukaniangukia nikaitwa baba."

Annet alikuwa nyuma yake amebeba mtoto. Tulitazamana. Hakuna aliyesema, "Unaona?" Nilijua bado anataka meza yake.

Ijumaa, 24 Aprili

Kesho. Wagaki amepiga simu ya Mama. Nitasalimia.

Jumamosi, 25 Aprili

Ukumbi ulijaa. Walikuja watu wa base na gambuti zao, Jentrix, Derrick, wazee, wanafunzi wenzangu, na kikundi cha watu wa fulana za kijani kutoka Kawangware walioletwa kwa gari. Mbele kulikuwa na meza: afisa wa kaunti, ambaye ni mwanamke mwenye miwani aliyeandika kila kitu, Chair, na Wagaki pembeni. Ule mchoro ulikuwa umetundikwa ukutani. Mvua ilikuwa inanyesha wastani.

Chair alifungua kwa sala, halafu akasema, "Kabla hatujaendelea, Kavetsa wetu atawasalimia kwa niaba ya vijana. Halafu afisa ataandika."

Nilienda.  Nilimwona Khamala amesimama ukutani, mikono kifuani.

Nilisema, "Siku ile uwanjani niliwasalimia mkaitika. Kuitika kwenu kuliandikwa kwamba mmekubali choo kivunjwe. Mimi sikujua, na wengi wenu hamkujua. Leo nitaita tena salamu hiyo hiyo. Lakini naomba kitu kimoja. Kama kuna mtu yeyote aliwahi kukuuliza unataka nini pale, itika. Kama hakuna aliyekuuliza kabla ya siku ile wala baada yake, nyamaza."

Chair alianza kuinuka, lakini nilikuwa nimeshaita.

"Vijana!"

Watu wetu wamezoea kuitika. Mvulana mmoja wa mbele alianza, "Ngu—" jirani yake akamtia kiwiko. Palitokea kicheko kidogo, kikafa. Hata wale wa Kawangware walitazamana, hawakuwa na hakika kama wanaruhusiwa. Nilisikia mvua kwenye mabati. Afisa aliinua kalamu akatazama ukumbi juu ya miwani yake.

Sikuwa nimefikiria kwamba wote niliowauliza mimi pia walikuwemo. Walinyamaza kwa ajili yangu, nadhani, kwa kunihurumia. Isipokuwa mmoja.

"Mimi niliulizwa."

Alikuwa Annet. Amesimama katikati ya ukumbi.

"Kavetsa aliniuliza. Na nilimwambia nataka kituo. Hata sasa nataka."

Chair alipiga makofi. "Safi! Kijana amesema! Andika hapo—"

"Sijamaliza," Annet akasema.

Nilimpelekea maiki. Mikono yake ilikuwa baridi. Alieleza kuhusu kitanda na mtoto anayemkalia mguu, kama alivyoniambia. Wengi walitikisa vichwa, wanayajua hayo. Khamala akaita kutoka ukutani, "Annet, na leo umeoga wapi?"

"Kwenu. Na maji yalikuwa baridi kama jana!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na Khamala mwenyewe akacheka. Okoth akasema kwa sauti, "Hiyo ni kweli, hita imekufa, tunaomba radhi."

Annet aliangalia mchoro. "Nina swali. Kwenye hii picha, choo kiko wapi?"

Chair alisema hayo ni mambo ya wataalamu.

"Chini ni kompyuta," Annet akasema. "Juu ni nini?"

 Kisha Wagaki alisimama. Hakuwa na maiki, lakini sasa ukumbi ulikuwa umetulia.

"Juu ni ofisi ya Nguzo," alisema. "Na choo ni kimoja. Kiko juu, ndani ya ofisi."

Chair alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kikiongea. Wagaki hakuketi. Alibaki amesimama, amekunja vidole.

Sikumbuki utaratibu wa yaliyofuata. Jentrix alipewa maiki akawasema kina Khamala kuhusu kufunga usiku. Khamala akajibu, Derrick akampinga Khamala, yule msichana mwenye mtoto akampinga Derrick. Mtu wa Kawangware mwenye fulana ya kijani aliinua mkono akasema kwao pia kuna jengo linaloitwa la vijana na hajawahi kuona ndani yake. Wawili walikosana kabisa. Afisa aliandika, akaomba watu watulie, akaandika tena. Chair alimwomba mtu arudishe maiki. Ilipita mbele yake mara mbili.

Mwishowe afisa alisema hataandika kwamba umma umekubali, wala kwamba umekataa. Ataandika kwamba umegawanyika, na kwamba atakuja mwenyewe Kambi Muru kuona mahali hapo, na ukuta hautaguswa kabla ya hapo. Zaidi ya hilo hakuahidi. Chair alipeana mikono na kila mtu mlangoni, mimi pia. "Umenishangaza, msichana wangu," alisema kwa upole ule ule. Sijui alimaanisha nini, na sijui kama nitaalikwa tena.

Kwenye mdahalo nilisema vijana wengi wakisema pamoja ni hoja. Leo wamesema wengi, kila mmoja lake, na ni mara ya kwanza nimewasikia.

Jumapili, 26 Aprili

Mvua imeacha. X bado iko ukutani. Ni rangi ya mafuta, haitoki. Nilienda asubuhi mapema, kukiwa bado na giza, na nilikuta mlango umefunguliwa na taa inawaka. Jentrix alikuwa anatoka. Khamala alikuwa kwenye stuli mlangoni, macho mekundu kwa usingizi.

"Sasa, siste," alisema. "Leo umekuja kusalimia ama kuuliza?"

"Nimekuja kuoga."

Alisimama akanijazia ndoo. Maji yalikuwa bado baridi.